Kutua Bila Injini

Hospitalini walimwita Sista, na alipohamia chuo cha urubani jina lilimfuata huko huko, ingawa sasa alivaa ovaroli na buti badala ya sare nyeupe. Wanafunzi wenzake, vijana waliotoka shule juzijuzi, walianza kumwita hivyo kwa utani, na haikuchukua muda utani wenyewe ukasahaulika. Hata mkuu wa mafunzo, mzee mkavu asiyecheka ovyo, akigawa zamu za kuruka asubuhi alitaja wengine kwa ubini wao, akifika kwake anasema tu, "Na Sista."

Alikuwa amevuka arobaini. Nusu ya maisha yake ya kazi aliipitishia wodi ya majeruhi, na baadaye kwenye kiti cha nyuma cha helikopta ya kikosi cha uokoaji, akishikilia chupa ya dripu ya mgonjwa juu kwa mkono mmoja na kuzuia damu kwa mkono mwingine. Marubani wa kikosi walikuwa wanazeeka na kustaafu mmoja mmoja. Kikosi kikatangaza kwamba kitawasomesha urubani watu wake chenyewe, yeyote mwenye macho mazuri na moyo wa kujaribu.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kama ilivyokuwa kwa mambo yote makubwa ya nyumba ile, habari hii nayo ilitolewa kinyozini, mbele ya watu.

"Nimechoka kukaa nyuma," Sista alimwambia, akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Basi kaa mbele, karibu na rubani," kinyozi akajibu bila kugeuka.

"Nataka kukaa kwenye kiti cha rubani, baba watoto."

Mashine ya kunyolea ikasimama hewani, juu ya kichwa cha mteja kilichonyolewa nusu. Kinyozi alimtazama mkewe kupitia kioo. Aliyejibu ni mteja.

"Mwache shemeji aruke," alisema. "Ila wewe nimalizie kichwa."

Kinyozi akacheka, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Hakukubali wala hakukataa. Lakini mkewe alipofaulu vipimo na kuitwa chuoni, yeye ndiye aliyewaamsha pacha wao wa kike na kuwapeleka shule kila siku, na kila mteja aliyeketi kwenye kiti chake alisikia habari za urubani kabla hajaelezwa bei ya kunyoa ndevu.

Mwalimu aliyepangiwa Sista alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye shingo kama ya twiga, ambaye alilazimika kuinama hata akiingia darasani. Kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Basi pakatokea kitu cha kuchekesha: chini alimwamkia Sista shikamoo, tena kwa adabu zote, akimpokea na begi, wakifika juu anamkaripia kama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Pedali, Sista! Miguu imelala!"

"Naam, mwalimu."

"Usiibane hiyo fimbo. Si nyoka hiyo. Ishike kwa vidole."

"Naam, mwalimu."

Wakitua, wakivua hedifoni, sauti yake inabadilika. "Pole, Sista. Umejitahidi leo. Umekunywa chai lakini?" Na anamkaribisha kwenye chupa ya chai aliyowekewa na mama yake, mshonaji mstaafu aliyekuwa akiishi naye, mwanamke aliyeamini kwamba anga lina baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa na dawa yake ni tangawizi.

Helikopta ya mazoezi ilikuwa ndogo, ya viti viwili, mwanafunzi kulia na mwalimu kushoto, na mbele yao kioo kikubwa kilichopinda kama tumbo la chungu. Siku za mwanzo Sista hakuweza hata kuielesha mahali pamoja. Ilimrukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mkono wa kushoto unainua wenzo, ule ulio ubavuni mwa kiti kama breki ya mkono ya gari; mkono wa kulia uko kwenye fimbo; miguu kwenye pedali; ukigusa kimoja, viwili vilivyobaki vinadai haki yao. Alirudi nyumbani mabega yamekakamaa, akaomba binti zake wamkande. Kisha siku moja, bila yeye kujua kilichobadilika, chombo kikatulia chini yake. Mwalimu alikunja mikono kifuani na kutazama nje dirishani, na Sista akaelewa kwamba hiyo ndiyo sifa.

Zoezi lililowatoa wanafunzi jasho jembamba lilikuwa la kutua bila injini. Mwalimu alilieleza darasani kwa kalamu na ubao. Injini ikifa angani, alisema, helikopta haidondoki kama jiwe. Ukishusha wenzo mara moja, upepo unaotoka chini utaendelea kuyazungusha mapanga ya juu, nawe utateremka kwa kasi lakini ukiwa na usukani. Karibu na ardhi unainua pua kupunguza mwendo, unakilaza chombo kikae sawa, kisha unavuta wenzo na kukalia majani polepole. Katika mazoezi injini haizimwi; mwalimu anaipunguza tu, ikabaki inanguruma chinichini, ili mambo yakiharibika airudishe.

"Mnaliogopa kwa sababu nzuri," aliwaambia. "Mimi nafundisha na bado naliogopa. Ukiinua pua umechelewa, mkia unakuwa chini kuliko unavyodhani. Mkia ukigusa, basi tena."

Sista alilifanya zoezi hilo mara nyingi, nyingine vizuri, nyingine kwa kubahatisha. Asubuhi ya ajali walikuwa tayari wameshatua vizuri zaidi ya mara moja kwenye uwanja wa nyasi, mbali kidogo na majengo. Jua lilikuwa limetoka, upepo mdogo, mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ukining'inia bila nguvu kwenye mlingoti wake.

"Moja ya mwisho, twende tukanywe chai," mwalimu alisema.

Akapunguza injini. Sista akashusha wenzo papo hapo, kama alivyofundishwa. Waliteremka vizuri. Alichokiona, na alichokisimulia baadaye kwa kila aliyemuuliza bila kuongeza wala kupunguza, ni kwamba nyasi zilikuwa zinakuja haraka kuliko mara zilizotangulia. Upepo ulikuwa umegeuka na sasa unawasukuma kutoka nyuma. Akainua pua. Alikuwa amechelewa kidogo tu.

"Nipe!" mwalimu alisema.

Sista akaachia kila kitu. Mwalimu akashika. Na wakati huo huo mkia ukagusa ardhi, kwa mlio mkavu kama wa kopo lililokanyagwa.

Bila panga la mkia, lile dogo linaloizuia isizunguke, helikopta haina adabu. Ilizunguka, anga na nyasi vikabadilishana nafasi, mapanga ya juu yakapiga chini na kuvunjika vipande vilivyoruka mbali, kisha chombo kizima kikalala ubavu wa kulia. Injini ilikohoa ikanyamaza.

Sista alijikuta amelalia bega, shavu lake kwenye majani yaliyoingia kupitia mlango uliovunjika. Mwalimu alikuwa juu yake, amening'inia kwenye mikanda ya kiti chake kama nguo kwenye kamba, miguu mirefu imeshuka mpaka karibu na uso wa Sista.

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi ya betri, ukaizima. Kisha yakafuata maneno aliyoyasema maisha yake yote.

"Mwalimu. Niitikie."

"Nipo."

"Wapi panauma?"

"Mgongo. Mgongo, Sista."

"Miguu unaisikia?"

"Naisikia."

"Nichezeshee."

Buti mbili zikatikisika mbele ya macho yake. Zote mbili. Aliliona hilo vizuri kabisa, na alilihifadhi kichwani pale ambapo muuguzi huhifadhi mapigo ya moyo na saa ya dawa.

Kila kitu alichowahi kufundishwa, na alichowahi kufundisha wengine, kilimwambia asimguse. Mtu mwenye maumivu ya mgongo hasogezwi. Unamshika kichwa, unamtuliza, unangoja machela na watu wa kutosha. Aliwahi kumfokea mpita njia mwema hadharani kwa kumvuta majeruhi namna hiyo. Sasa kitu cha baridi kikamdondokea shingoni. Kikadondoka tena. Alikigusa, akakinusa, na hakuhitaji kunusa. Kibanda chote kilikuwa kinanuka petroli, na nyuma ya viti vyao injini iliyokuwa ya moto ilikuwa ikilia *tik, tik,* kama jiko linalopoa.

King'ora cha zimamoto kilisikika, kwa mbali, upande wa majengo.

"Nakutoa," alisema.

"Usinishike, Sista."

Wagonjwa wengi walikuwa wamemwambia neno hilo. Alifungua mkanda wake, akasimama juu ya majani pale palipokuwa dirisha lake, akaweka bega chini ya kiuno cha mwalimu, akajaribu kuupokea uzito wote kabla ya kufungua mkanda. Lakini mtu mrefu aliyelegea habebeki vizuri ndani ya chumba kidogo kama kabati. Mkanda ulipofunguka alimwangukia, na mwalimu akatoa ukelele ambao Sista, pamoja na uzoefu wake wote wa wodi ya majeruhi, hakuwahi kuusikia. Alimpitisha kwenye kioo cha mbele kilichopasuka, akamshika kwapani, akambana kichwa kati ya mikono yake ili kisiyumbe, akamburuta kinyumenyume juu ya nyasi mpaka harufu ya petroli ilipoisha puani.

Gari la zimamoto lilifika akiwa bado anaburuta. Vijana waliruka na mipira yao wakaimwagia helikopta povu jeupe. Ililala pale kama kondoo aliyechinjwa, ikitoa mvuke. Haikuwaka. Haikuwahi kuwaka.

Waliwapeleka hospitali ile ile, kwenye wodi ile ile. Wauguzi aliowafundisha kazi walimpokea kwa machozi. Sista akawaambia wafute machozi wachukue kipimo cha presha. Yeye mwenyewe alikuwa na mbavu zilizopasuka na mkono uliochanika, jambo ambalo hakuligundua mpaka mtu alipomwonyesha damu. Kabla hajakubali kulazwa alisimama kando ya kitanda cha mwalimu, akamkabidhi kwa daktari wa mifupa kama anavyokabidhi mgonjwa yeyote.

"Alikuwa amening'inia kwenye mikanda. Mgongo ulimuuma tangu mwanzo. Kabla sijamtoa alisikia miguu yote miwili na akaichezesha yote miwili. Nilimtoa peke yangu, bila ubao wa kumlazia, aliniangukia. Baada ya hapo alisema wa kulia umekufa ganzi."

Daktari aliinua macho. "Una hakika na hilo la miguu?"

"Niliiona."

Nyuma ya pazia alikuwa amesimama mama yake mwalimu, amefika mbio, kitenge kimoja amekifunga juujuu, na sindano ya kushonea bado imechomekwa kifuani pa blauzi. Hakuna aliyemwona. Alikuwa amesikia kila neno.

Mwalimu alifanyiwa upasuaji. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imevunjika na vipande vyake vilikuwa vimesogea kwenye mishipa ya fahamu. Mguu wa kushoto uliendelea kuitika. Wa kulia ukakaa kimya. Yeye mwenyewe hakukumbuka lolote tangu walipopunguza injini. Alikumbuka tu kwamba walikuwa wamepanga kunywa chai.

Mama mtu alimfuata Sista kwenye kitanda chake.

"Wewe ndiye uliyemvuta mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na alikuwa anachezesha miguu?"

"Ndiyo, mama."

"Zimamoto walikuwa wapi?"

"Njiani. Nilisikia king'ora."

Yule mama akashika chuma cha kitanda. Sista alingoja kutukanwa. Angetukanwa, angejua namna ya kuyapokea. Lakini mama alisema kwa sauti ndogo tu, "Ulisikia king'ora," akageuka, akaenda zake.

Maneno hayakosi miguu. Chuoni vijana walianza kunong'ona kwenye mlango wa hanga, na Sista alipopita kuchukua vitu vyake walinyamaza wote kwa pamoja, kitu kinachosikika kuliko kelele. Kinyozini nako yakafika. Mteja mmoja, mjuaji wa kila kitu, alijinyoosha kwenye kiti akasema, "Lakini mimi nilisikia haikuwaka. Sasa haraka ilikuwa ya nini?" Kinyozi alimmalizia kichwa, akamfuta shingo kwa taulo, akamwambia kwamba siku nyingine aende kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ana mkono mwepesi.

Wachunguzi wa ajali walimhoji Sista ofisini kwa mkuu wa mafunzo, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Aliyeongoza alikuwa mwanamama mtaratibu, mwenye miwani, asiye na haraka. Walipitia kila kitu: upepo, urefu, nani alishika nini na lini. Kuhusu ajali yenyewe hakukuwa na fumbo. Upepo ulikuwa umegeuka, mwanafunzi alichelewa kuinua pua, mwalimu naye alimwachia muda mrefu kidogo akitumaini atajirekebisha. "Mwanafunzi kukosea si habari," mwanamama alisema. "Ndiyo sababu kuna mwalimu. Na mwalimu akisubiri kidogo ili mwanafunzi ajifunze, nalo si dhambi. Safari hii vyote vilikutana chini sana."

Kisha akavua miwani. "Hili halimo katika kazi yangu. Naliuliza tu. Kama ungejua kwamba haitawaka, ungemtoa?"

"Ningejua, nisingemgusa," Sista alijibu.

Daktari wa mifupa naye aliulizwa, si na wachunguzi, bali na Sista mwenyewe, mlangoni pa chumba cha dawa. Alijikuna kidevu. "Mfupa ulivunjika mlipoanguka, hilo halina ubishi. Ila kilichobana mishipa, ni kule kuanguka, au ni kule kutolewa, au ni uvimbe wa baadaye, hakuna picha itakayoniambia. Na wewe unajua hivyo, Sista. Usinifanye nikudanganye."

"Sikutaka unidanganye."

"Najua. Ulitaka ujidanganye mwenyewe kwa mdomo wangu."

Sista hakukasirika. Alikuwa amefanya kazi na daktari yule muda mrefu kiasi cha kuvumilia ukweli wake.

Mbavu zilipopona alirudi kwa muda kazini wodini, na kila akimaliza zamu alipanda ngazi kwenda chumba cha mazoezi ya viungo, ambako mwalimu alikuwa akifundishwa kusimama kati ya vyuma viwili. Mama yake aliketi pembeni akishona mkononi. Mwanzoni hakuwa akiitikia salamu ya Sista. Baadaye akaitikia kwa kichwa. Siku moja alisogeza pochi yake iliyokuwa kwenye kiti cha pembeni, na Sista akaketi.

Mwalimu alikuwa ameshaelezwa yote. Sista mwenyewe alimweleza, mapema, alipoona amepata nguvu za kusikiliza.

"Nilisema nini?" mwalimu aliuliza. "Uliponiambia unanitoa."

"Ulisema nisikushike."

"Ukanishika."

"Nikakushika."

Mwalimu alitazama mguu wake wa kulia, uliokaa kwenye godoro la mazoezi kama mzigo wa mtu mwingine. "Ningekuwa nimebanwa kabisa, sitoki, ungefanyaje? Ungekimbia?"

Sista alifikiri kweli, kwa sababu swali lilikuwa la kweli. "Sidhani. Ningekaa nijaribu mpaka wafike."

"Basi tusiulizane tena."

Lakini binadamu hatimizi kila anachosema. Wiki chache baadaye, siku aliyojaribu kupiga hatua mbele ya watu akaanguka kifudifudi, mwalimu alirusha kikombe cha maji ukutani na kumfokea Sista atoke, asimwone tena na huruma zake. Sista alitoka. Kesho yake alirudi kama kawaida. Mwalimu alikuwa ameona aibu, ila hakuomba msamaha moja kwa moja.

"Siku nyingine nakushukuru," alimwambia. "Siku nyingine siwezi kukutazama usoni. Sijui kesho itakuwa ipi."

"Ikiwa ile ya pili, niambie tu nikae kule dirishani."

Mama mtu alikata uzi kwa meno. "Mimi mwenyewe ndivyo nilivyo," alisema, macho kwenye kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha Sista tangu siku ile ya kwanza.

Kuhusu urubani, kila mtu alidhani Sista amekoma. Kikosi kilimwambia nafasi yake ipo, lakini kilisema kwa sauti ya kumwambia mgeni abaki ilhali umeshamshikia mlango. Yeye mwenyewe akiisikia helikopta ikipita juu ya hospitali viganja vilimlowa. Hilo lilimuudhi. Alikuwa ameogopa mambo mengi maishani, lakini hakuwahi kuogopa sauti.

Alimwambia mumewe Jumapili, wakiwa wawili tu jikoni, yeye akiosha vyombo na mume akifuta.

"Narudi chuoni."

Kinyozi aliendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka. "Nilijua. Tangu wiki iliyopita umekuwa ukitazama juu."

"Unanikataza?"

"Nikikukataza utanisikiliza?"

"Nitakusikiliza. Halafu sijui."

"Sikukatazi, mama watoto. Nakuomba. Ni vitu viwili tofauti." Aliweka sahani chini. "Mimi siku ile nilipigiwa simu nina mtu kitini. Niliambiwa tu imeanguka. Hawakusema nani hai. Kutoka kinyozini mpaka hospitali nilikuwa nimeshakuzika, nimeshawaambia watoto, nimeshagawa nguo zako. Umeelewa? Nilishafika mpaka kwenye nguo."

Sista alifunga bomba.

"Sina jibu la hilo," alisema.

"Najua huna. Nilitaka tu lisikike."

Hawakupatana siku hiyo wala iliyofuata. Ila asubuhi aliyopaswa kuripoti chuoni, alikuta buti zake zimepigwa rangi, zimewekwa mlangoni, na mume ameshatoka na watoto.

Mkuu wa mafunzo aliamua kumrusha yeye mwenyewe. "Leo tutaelea tu," alisema, "tuzoeane na chombo."

"Naomba tufanye kutua bila injini," Sista alisema.

Mzee alimtazama chini juu. "Kwa nini?"

"Nikilikwepa leo, kesho litakuwa limekua."

Walipanda. Mguu wake wa kushoto ulitetemeka juu ya pedali kama cherehani, na mkuu aliuona. Alipunguza injini. Sista akashusha wenzo. Nyasi zikaja. Akatazama mfuko wa upepo, akatazama nyasi, akainua pua, akalaza, akavuta. Walikaa chini kwa kishindo kidogo na kuteleza kama urefu wa chumba.

Sista alisikia pumzi yake mwenyewe kwenye hedifoni.

"Tena," mzee alisema.

Walirudia mpaka mguu ukapunguza kutetemeka. Haukuacha kabisa siku hiyo. Uliacha baada ya majuma kadhaa, na hata sasa, upepo ukigeuka ghafla, hukumbuka.

Mwalimu alirudi chuoni kabla Sista hajamaliza. Angani hakurudi tena. Mguu wa kulia ulipata uhai kiasi cha kumbeba kwa magongo, si kiasi cha kukanyaga pedali. Alipewa darasa. Vijana walidhani watapata mwalimu mpole, aliyepigwa na dunia, wakakuta mtu anayefukuza nje yeyote anayepiga miayo. Somo lake la kwanza lilikuwa kutua bila injini. Aliegemea ubao, akachora uwanja, mlingoti, mwelekeo wa upepo, na kwa gongo lake akaonyesha mahali.

"Hapa mwanafunzi alichelewa. Hapa mimi nilichelewa kuchukua usukani. Nilikuwa nafikiria chai." Darasa halikujua kama linaruhusiwa kucheka. "Yaliyofuata siyakumbuki. Aliye na habari kamili ameketi kiti cha nyuma. Sista, waeleze."

Sista alisimama, akawaeleza yote, pamoja na buti mbili zilizotikisika, pamoja na king'ora. Alipomaliza, kijana mmoja wa mbele aliinua mkono.

"Mwalimu, na kama angekuacha mle ndani, ukangoja zimamoto?"

Mwalimu alijirekebisha juu ya magongo. Alimtazama Sista, na siku hiyo, kwa bahati, ilikuwa ya kumtazama usoni.

"Hilo haliji kwenye mtihani," alisema. "Fungueni ukurasa unaofuata."

Sista alifaulu. Kikosi kilimrudisha, sasa kwa kiti cha mbele, kwanza kama msaidizi wa rubani mkongwe, kisha peke yake. Mwito wake wa kwanza akiwa rubani kamili ulikuwa wa fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Alitua kwenye kiwanja chenye vumbi na mabati yaliyopangwa, akamwambia kijana wa kikosi ayabane yale mabati yasiruke. Wauguzi wawili waliruka nje na machela.

Aliwaona kupitia dirishani wakimzunguka mgonjwa. Mmoja alikuwa mgeni kazini. Alikuwa akimfunga kola ya kushikilia shingo ikiwa imepinda. Mwili mzima wa Sista ulitaka kushuka. Lakini mapanga yalikuwa yanazunguka juu yake na rubani haachi usukani mapanga yakizunguka. Alikaa, mkono kwenye fimbo, miguu kwenye pedali, akiuma mdomo. Muuguzi mzoefu akaona kosa, akairekebisha kola. Wakamwinua fundi wote kwa pamoja, kwa hesabu, bila kumpindisha, wakamwingiza.

"Tayari, Sista," sauti ilisema masikioni mwake.

Aliinua wenzo taratibu, kwa ajili ya mgongo wa yule fundi, na kiwanja kikabaki chini na vumbi lake.

Walipomfikisha hospitali na injini ikazimwa, alikaa kwanza kitini mpaka mapanga yakasimama kabisa. Kisha akampigia simu mumewe kumwambia atachelewa kidogo. Kwa nyuma ilisikika mashine ya kunyolea, na mtu akicheka.

"Umetua?" kinyozi aliuliza.

"Nimetua."

"Haya. Nimalizane na huyu mteja, halafu niende nikawachukue watoto."